Kazi Isiyopiga Kelele: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kufanya Lililo la Maana Kwanza

Baadhi ya maswali haya nimeulizwa na wenzangu wa kazi. Mengine nimejiuliza mwenyewe usiku, nikiwa nimechoka na sioni nilichokichokea.

Nashinda na kazi kutwa nzima, lakini jioni nikijiuliza nimefanya nini sipati jibu. Tatizo liko wapi?

Huenda siku nzima ulikuwa unajibu tu. Barua pepe imeingia, ukajibu. Mwenzako kaja na swali, ukamsaidia. Kikao kimeitwa, ukaenda. Kila kimoja kilikuwa halali, na nyuma ya kila kimoja kulikuwa na mtu anayesubiri. Kazi yako kubwa haina mtu wa namna hiyo. Hakuna atakayekupigia simu saa nne asubuhi kuuliza kwa nini hujagusa sura ya pili ya tasnifu yako, au kwa nini bado hujajifunza ule ujuzi uliosema utajifunza mwaka juzi. Kazi ya maana ina adabu kupita kiasi: inakaa pembeni kimya, hadi siku inapogeuka dharura, nawe unaifanya kwa zimamoto.

Akili nayo inatuponza. Mwaka 2018 Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha majaribio ambamo watu walichagua kati ya kazi mbili. Kazi ilipoonekana kuwa na muda mfupi, walioikimbilia waliongezeka, hata pale malipo yake yalipokuwa madogo kuliko ya nyingine. Harufu ya haraka peke yake iliwavuta. Walipokumbushwa malipo wakati ule ule wa kuchagua, mvuto huo ulipungua. Mimi nimelichukua hilo kwa vitendo: juu ya ukurasa wa kazi kubwa naandika kwa mstari mmoja kitakachotokea ikikamilika. Naandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa, mahali ambapo jicho haliwezi kupakwepa.

Sasa nitajuaje ni lipi la maana zaidi?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Yaliyobaki ni ufundi tu. Watu hutaka wapewe kanuni. Mimi natumia maswali mawili.

La kwanza: ikipita miezi sita, ni lipi kati ya haya nitakalojuta kutolifanya? Swali hili linafuta nusu ya orodha papo hapo. Hakuna anayejuta kwamba hakupanga upya mafaili ya kompyuta.

La pili: ni lipi likikamilika litayafanya mengine yawe mepesi, au yasihitajike kabisa? Tuseme wateja wanakuuliza swali lile lile mara kumi kwa wiki. Kuwajibu ni kazi. Kuandika maelezo ya ukurasa mmoja utakaowatumia wote ni kazi pia, ila hii inaifuta ile. Kila wiki unayoiahirisha, unalipa tena majibu kumi.

Jihadhari na vitu viwili. Kwanza, ugumu si maana. Kuna watu wanaopenda kazi ngumu kwa sababu inawapa sifa, hata kama haina faida kwa yeyote. Pili, jiulize ni ya maana kwa nani. Ya mwajiri na ya kwako huenda pamoja mara nyingi, lakini si siku zote, na mtu asiyetenganisha hizo mbili hujikuta amemaliza miaka mitano akitimiza ndoto ya mwingine kwa ufanisi mkubwa.

Ile kanuni ya 80 kwa 20 ni kweli au ni maneno ya semina?

Kanuni hiyo inasema karibu asilimia 80 ya matokeo hutokana na asilimia 20 ya sababu. Ni kweli kama kipimo cha macho. Si sheria ya hesabu. Vilfredo Pareto, mchumi wa Italia, aliona mwishoni mwa karne ya 19 kwamba utajiri umerundikana mikononi mwa wachache. Miongo kadhaa baadaye Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa bidhaa viwandani, aliona jambo linalofanana nalo kwenye kasoro: aina chache za makosa ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya hasara. Ni yeye aliyeipa kanuni hiyo jina la Pareto.

Inafaa ukiitumia kutazama nyuma. Chukua kazi zako za mwezi uliopita, weka alama kwenye zile ambazo zisingefanyika mtu angeuliza. Utashangaa zilivyo chache. Lakini usiigeuze kisingizio. Ile 20 huonekana vizuri baada ya tukio kuliko kabla yake, na ndani ya ile 80 kuna mambo ambayo hayakuletei sifa wala mapato ila ukiyaacha nyumba inaanguka. Kulipa kodi hakukuzi biashara. Jaribu kuacha.

Na ule mraba wa Eisenhower wenye vyumba vinne?

Dwight Eisenhower, akiwa rais wa Marekani, alisema katika hotuba ya mwaka 1954 kwamba ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya maana. Ya haraka si ya maana, na ya maana hayawi ya haraka kamwe. Naye alisema anamnukuu mkuu wa zamani wa chuo fulani. Mraba wenyewe, unaogawa kazi katika vyumba vinne kwa kuuliza kama ni ya haraka au la, na ya maana au la, ulichorwa na watu wengine baadaye.

Ni chombo kizuri siku ya kwanza. Siku ya tatu mtu huanza kutia kila kitu katika chumba cha "haraka na ya maana", na hapo mraba umekwisha kazi yake. Ukiona chumba hicho kimejaa kuliko vingine vyote, acha kukijaza na uulize: kati ya hizi, ngapi zimekuwa za haraka kwa sababu niliziweka kiporo zilipokuwa bado za maana tu?

Orodha yangu ina kazi 40. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye orodha. Orodha ndefu inamfaa anayetaka kukwepa, kwa sababu daima ina kitu chepesi cha kufanya.

Nitakuonyesha daftari langu la wakati mmoja. Kila asubuhi nilikuwa naandika orodha mpya, nikihamisha yale ya jana yaliyobaki. Siku moja nilirudi nyuma kurasa kadhaa kutafuta namba ya simu, nikaona mstari mmoja unajirudia. Ukurasa wa kwanza ulisema: "Kuandika pendekezo la mradi." Siku ya tatu: "Pendekezo la mradi." Siku ya sita: "Pendekezo." Siku ya kumi na moja nilikuwa nimeandika herufi moja tu, "P", na nikaizungushia duara, kana kwamba duara lingeniandikia. Pembeni yake, kurasa zote kumi na moja, kulikuwa na alama za vyema: kujibu huyu, kupiga picha hati ile, kununua wino. Nilikuwa nachapa kazi kweli. Kazi ambayo ingenibadilishia mwaka ilikuwa inanywea herufi kwa herufi.

Siku ya kumi na mbili nilifunga daftari, nikachukua kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja, nikaandika: "Pendekezo: andika aya ya kwanza, hata ikiwa mbovu." Basi. Ilinichukua dakika ishirini, na ilikuwa mbovu. Aya ya pili haikuwa mbovu sana.

Kwa hiyo jibu ni hili: weka orodha yako kubwa mahali, ibaki kuwa ghala. Kila jioni chukua humo kitu kimoja, kiandike peke yake kwenye karatasi nyingine kama tendo la kuanzia, na kesho anza nacho kabla hujafungua ghala.

Kwa nini jioni na si asubuhi?

Kwa sababu asubuhi utakuwa umeshasoma ujumbe wa watu, na watu wana mipango yao juu ya siku yako.

Nina mambo matatu na yote ni ya maana kwelikweli. Siwezi kuacha hata moja.

Hukuambiwa uache, umeambiwa upange foleni. Tofauti ni kubwa. Kuna tabia ya kuyapa mambo matatu theluthi moja ya nguvu kila moja, na matokeo yake ni mambo matatu yaliyofika katikati, ambayo hakuna anayeweza kuyatumia. Mshika mawili moja humponyoka, wahenga walisema, ila katika kazi za mezani mimi naona yote mawili hubaki mkononi yakiwa nusu, na hiyo ndiyo hali mbaya zaidi, kwa sababu kitu kilichoponyoka angalau unakiomboleza na kukisahau.

Tazama hesabu hii. Kazi tatu, kila moja inahitaji wiki mbili. Ukizifanya kwa zamu moja baada ya nyingine, ya kwanza inaisha wiki ya pili, ya pili wiki ya nne, ya tatu wiki ya sita. Ukizifanya zote kwa pamoja kidogo kidogo, zote zinaisha karibu na wiki ya sita, na hapo ni ikiwa kuruka huku na kule hakukugharimu chochote. Kunagharimu.

Kunagharimu vipi? Mimi nafanya mambo mawili kwa wakati mmoja bila shida.

Ukitembea huku unazungumza, sawa. Lakini kuandika huku unasoma ujumbe ni kubadilisha kazi kwa kasi, na kila badiliko lina nauli yake. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu akiacha kazi moja na kuhamia nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa kama hakuimaliza. Unakaa kwenye kikao huku nusu yako iko bado kwenye jedwali uliloliacha wazi.

Jambo la kushangaza kidogo: Gloria Mark na wenzake waliona katika jaribio la mwaka 2008 kwamba watu waliokatizwa walimaliza kazi haraka zaidi kuliko wasiokatizwa, na ubora haukushuka. Waliifidia kwa kukimbia. Bei waliilipa kwa njia nyingine: msongo zaidi, kukereka zaidi, hisia ya kubanwa na muda. Kwa hiyo mtu anayekuambia "mimi nakatizwa na bado namaliza" pengine hasemi uongo. Muulize anavyojisikia saa kumi na moja jioni.

Bosi ananipa kazi tano na zote anasema ni za haraka. Nimwambie nini?

Usimwambie haiwezekani. Mwonyeshe. Andika kazi hizo tano kwenye karatasi kwa mpangilio unaouona wewe, weka muda unaokadiria mbele ya kila moja, nenda nayo. Kisha sema hivi: "Mkuu, kwa hesabu yangu mbili za juu zitakamilika Ijumaa. Kama ya nne ndiyo inayokubana zaidi, naomba uniambie ipi tuishushe." Humo hakuna ubishi wala malalamiko. Umemrudishia uamuzi mwenye uamuzi, naye mara nyingi hakuwa anajua kwamba amekupa tano. Alikupa moja mara tano, siku tofauti, akiwa anatembea ukumbini.

Wapo wakubwa ambao watajibu "zote". Basi fuata mpangilio wako, waandikie ujumbe mfupi kuwajulisha, na uuhifadhi. Siku ya kuulizana itafika.

Nawezaje kusema hapana bila kuonekana jeuri?

Sema mapema, sema kwa ufupi, na usitunge sababu. Sababu ya kutunga hujibiwa: ukisema una kikao Jumanne, utaambiwa njoo Jumatano. Ninayoitumia mimi kwa wenzangu ni: "Ndugu yangu, nikilichukua hili sasa nitalilipua tu, na sitaki kukulipulia. Hadi mwisho wa mwezi nimejifunga na kazi moja." Kwa mtu mzima au mkubwa wa kazi naongeza samahani na naelekeza kwa anayeweza kumsaidia, kama yupo.

Ile "nitaangalia" ndiyo yenye jeuri, ukifikiri vizuri. Unamwachia mtu matumaini ya wiki mbili ili wewe ukwepe aibu ya dakika mbili.

Simu nifanyeje?

Ipeleke chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi, maana mkono unajua ilipo. Arifa zote zizimwe isipokuwa za watu ambao wakikupigia kuna jambo. Kama kazi yako ni kupokea simu, swali hili halikuhusu.

Kuna mbinu nyingine yenye ushahidi mzuri: mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu akipanga kwa muundo wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi" hutimiza zaidi kuliko anayesema tu "nataka". Kwa hiyo badala ya "nitapunguza simu", sema "nikihisi kuishika simu kabla sijamaliza ukurasa huu, nitasimama ninywe maji". Inaonekana ya kitoto. Inafanya kazi.

Kazi ya maana niifanye kwa muda gani kwa siku? Saa nane?

Hakuna anayeweza, hata wanaodai. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Waliokuwa bora walifanya mazoezi ya peke yao karibu saa tatu na nusu kwa siku, wakiyagawa kwa mapumziko, na walilala mchana zaidi ya wenzao. Hao ni watu waliokuwa wanawania kuishi kwa fidla.

Kwa sisi wengine, saa moja na nusu isiyoguswa kila siku ni utajiri. Anza na dakika 25 kama Francesco Cirillo, aliyetumia kipima muda cha jikoni chenye umbo la nyanya alipokuwa mwanafunzi miaka ya 1980. Ukiona dakika 25 zinakukata katikati ya utamu, ongeza. Muda uchague ule ambao kichwa chako ni chepesi. Kwa wengi ni asubuhi, lakini nina rafiki ambaye kabla ya saa tano hafai hata kuulizwa jina lake, na anaandika vizuri usiku. Asijilazimishe kuamka alfajiri kwa sababu mtu fulani tajiri huamka alfajiri.

Kwa nini kila ninachopanga kinachukua muda mrefu kuliko nilivyodhani?

Kwa sababu unapokadiria unaiwaza siku isiyo na mgeni, umeme haukatiki na hakuna anayeumwa. Roger Buehler na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu ni lini watamaliza. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Wastani halisi ulikuwa zaidi ya siku 55. Hata walipoulizwa wakadirie mambo yakiharibika kabisa, walitaja siku 48 na kitu. Yaani maisha ya kawaida yalikuwa mabaya kuliko balaa waliyoiwaza.

Dawa ni kuacha kuiuliza akili na kuuliza kumbukumbu: kazi ya aina hii mara ya mwisho ilinichukua muda gani? Andika namba hiyo hata kama inakuudhi.

Nikiongeza saa za kazi si nitamaliza yote?

Kwa wiki moja, labda. John Pencavel alichambua kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wanawake. Kupita saa 50 hivi kwa wiki, kila saa iliyoongezwa ilizaa pungufu kuliko iliyoitangulia, na waliofanya kazi saa 70 hawakuzalisha zaidi sana ya waliofanya 56. Saa 14 za mwili wa mtu kila wiki, karibu bure.

Programu gani ya kupanga kazi ni nzuri?

Ile uliyonayo. Kutafuta programu ni mojawapo ya njia tamu za kutofanya kazi, na nasema hivyo nikiwa nimejaribu sita.

Na zile kazi ndogondogo? Mtu lazima azifanye.

Ndiyo, na usizidharau. Zipe saa yake, mchana baada ya chakula kwa mfano, uzifagie zote kwa mkupuo. Barua pepe kumi kwa mfululizo huchukua muda mdogo kuliko barua kumi zilizotawanyika siku nzima. Unachozuia ni zisiketi kwenye kiti cha kwanza.

Usiku nalala lakini kichwa kinazunguka na yale nisiyomaliza.

Huhitaji kuyamaliza ili kitulie. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wenye jambo lisilokamilika husumbuliwa nalo kimawazo, lakini wakishaandika mpango wa wazi wa lini na vipi watalifanya, usumbufu huo hupungua sana ingawa jambo lenyewe bado halijaguswa. Weka daftari karibu na kitanda. Andika jambo, siku, na hatua ya kwanza. Ukiandika jambo peke yake bila siku, kichwa hakitadanganyika.

Mimi nina watoto wadogo, au nauguza mtu. Siku si yangu. Ushauri huu unanifaa?

Sehemu yake tu, na anayekuambia vinginevyo hajawahi kuamshwa mara nne usiku. Katika majira hayo jambo la maana zaidi huenda ndilo hilo unalolifanya tayari, na orodha nyingine zote zingojee. Ukipata dakika kumi na tano zako, usizitumie kukamata uliyochelewa. Chagua kimoja kidogo kinachokukumbusha kwamba bado upo: ukurasa mmoja, mstari mmoja wa hesabu, simu moja kwa mtu wa kazi yako. Kipande kile cha karatasi cha ukubwa wa kiganja kinatosha.

Nilianza vizuri, wiki ya pili nikaanguka. Nianze upya Jumatatu?

Leo ni siku gani? Kama bado hujalala, chukua karatasi.